Volkswagen: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia yake, sifa zake na ubovu wake

Volkswagen ilianzishwa lini, na nani?

Kampuni ilisajiliwa Berlin tarehe 28 Mei 1937. Mwenye mali alikuwa Deutsche Arbeitsfront, jumuiya ya wafanyakazi iliyoundwa na chama cha Nazi baada ya kuvunja vyama huru vya wafanyakazi mwaka 1933. Jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa tarehe 26 Mei 1938 karibu na Fallersleben, kando ya mfereji wa Mittellandkanal. Mji uliojengwa ubavuni mwake haukuwa na jina lingine ila lile la gari lenyewe, Stadt des KdF-Wagens, yaani Mji wa Gari la KdF (kifupi cha Kraft durch Freude, Nguvu kupitia Furaha). Mei 1945 ukaitwa Wolfsburg, kwa kufuata kasri la zamani lililo hapo jirani.

Je, Beetle, gari hilo la kwanza la Volkswagen, aliibuni Hitler?

Hapana. Hitler alitoa fedha za serikali, kelele za kisiasa na masharti: gari libebe watu wazima wawili na watoto watatu, liende kilomita 100 kwa saa, na bei isifike Reichsmark 1,000. Kazi ya uhandisi ilipewa ofisi ya Ferdinand Porsche ya Stuttgart kwa mkataba wa Juni 1934. Humo Erwin Komenda alichora bodi na Franz Reimspiess akabuni injini ya silinda nne zinazolala.

Hata Porsche hakuanza patupu. Mhandisi Myahudi Josef Ganz alikuwa akipigania gari dogo la bei nafuu lenye injini nyuma tangu miaka ya 1920, akafukuzwa Ujerumani na utawala ule ule ulioliinua wazo lake. Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra, Czechoslovakia, alikuwa na magari ya injini inayopozwa kwa hewa yaliyofanana sana na Beetle. Kesi ya Tatra ilikatizwa na vita, na Volkswagen ikaja kuwalipa waliokuwa wamiliki wake katika miaka ya 1960. Ukisikia mtu akisema gari hili lilitoka kichwani mwa mtu mmoja, mkumbushe majina haya.

Waliodunduliza fedha kabla ya vita walipata magari yao?

Hakuna hata mmoja. Mpango ulikuwa wa kununua stempu za Reichsmark 5 kwa wiki na kuzibandika kwenye kitabu hadi zifike 990. Watu wapatao 336,000 walijiunga. Vita vilipoanza, kiwanda kiligeukia magari ya jeshi aina ya Kübelwagen na Schwimmwagen, na yale magari mia sita na kidogo ya kiraia yaliyotoka yalikwenda kwa wakubwa. Baada ya vita wenye stempu walishtaki. Shauri lilikwisha mwaka 1961 kwa makubaliano: punguzo la hadi Mark 600 kwenye gari jipya, au Mark 100 taslimu.

Nani walifanya kazi kiwandani wakati wa vita?

Kwa sehemu kubwa, watu waliolazimishwa. Takriban watu 20,000 walipitishwa pale kwa nguvu: raia kutoka Poland na Umoja wa Kisovieti, wafungwa wa kivita, na wafungwa wa kambi za mateso. Watoto waliozaliwa na wanawake hao walinyang'anywa mama zao na kuwekwa katika nyumba ya kulelea, mwishowe huko Rühen, ambako watoto wachanga zaidi ya 300 walikufa kwa njaa, uchafu na maradhi. Daktari wa kiwanda aliyekuwa na dhamana yao alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Uingereza na kunyongwa mwaka 1947. Kampuni iliunda mfuko wa kuwafidia walionusurika mwaka 1998, nusu karne baadaye. Historia ya Volkswagen inayoruka kutoka michoro ya Porsche hadi rangi nzuri za miaka ya 1950 imewaruka watu hawa.

Kwa nini Waingereza hawakukichukua kiwanda?

Kilikuwa katika eneo lao, na majengo yalikuwa yamepigwa mabomu. Watengenezaji wa magari wa Uingereza waliikagua Beetle, wakaiona ina kelele na sura mbaya, wakaiacha. Meja Ivan Hirst, mhandisi wa jeshi aliyepelekwa pale Agosti 1945, aliona kingine: jeshi halina usafiri, na mashine nyingi bado nzima. Utawala wa kijeshi ukaagiza magari 20,000, na uzalishaji ukaanza rasmi tarehe 27 Desemba 1945. Hirst pia alianzisha ukaguzi wa ubora na idara ya huduma kwa wateja. Kiwanda kilirudishwa mikononi mwa Wajerumani Oktoba 1949.

Basi sifa ya uimara ilitoka wapi?

Ilitoka kwa Heinrich Nordhoff, aliyeshika uongozi Januari 1948 hadi alipofariki Aprili 1968. Alikataa kubadili umbo la gari kila mwaka kama walivyofanya Wamarekani. Alichobadili ni vya ndani: breki za mafuta kwa magari ya kuuza nje mwaka 1950, gia zenye sinkronaiza mwaka 1952, injini ya cc 1,192 badala ya 1,131 mwaka 1954, umeme wa volti 12 badala ya 6 kwa magari ya modeli ya 1967. Spea nyingi ziliingiliana kati ya miaka. Na popote Volkswagen ilipouza gari, ilimtaka wakala awe na stoo ya spea na mafundi waliofunzwa kabla hajaanza kuuza. Hilo la stoo ndilo lililowashinda washindani wengi wa Ulaya waliopeleka magari Marekani au Afrika wakasahau kupeleka gasketi zake.

Gari la milioni moja lilitoka tarehe 5 Agosti 1955. Tarehe 17 Februari 1972 Beetle iliipita Ford Model T kwa gari namba 15,007,034. Ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na jumla ikawa 21,529,464.

Ni kweli Beetle ilishinda Safari Rally?

Ndiyo. Mashindano yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda mwaka 1954 ikiendeshwa na Vic Preston, mwaka 1957 na Gus Hofmann, na mwaka 1962 na Tommy Fjastad. Sababu ni za kiufundi. Uzito wa injini umekaa juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo gari halitelezi ovyo kwenye tope. Sakafu ni bapa, haikwami kwenye tuta la katikati ya barabara. Springi ni vyuma vya kujisokota vilivyofichwa ndani ya bomba, jiwe haliwezi kuvivunja. Na hakuna rejeta ya kutobolewa.

Injini isiyotumia maji inapozwaje, na huanza kuharibika wapi?

Feni iliyoshikana na dinamo husukuma hewa ndani ya kasha la bati, hewa ikapita kwenye mapezi ya silinda na kwenye kipoza oili. Oili ni lita 2.5 tu, nayo hubeba joto jingi, kwa hiyo kiwango na usafi wake vina uzito kuliko kwenye gari linalopozwa kwa maji. Badilisha kila kilomita 5,000. Injini hizi hazina filta ya oili ya karatasi. Chini kuna chujio la waya lililoshikwa na nati sita za spana namba 10. Lifungue, lioshe kwa petroli, weka gasketi mbili mpya na washa mpya za shaba, kaza kwa nguvu ya Nm 7. Ukikaza kwa hasira utang'oa stadi kwenye kasha la magnesi, na hapo kazi ya nusu saa imekuwa ya siku nzima.

Silinda inayokufa kwanza ni namba 3, ya mbele kushoto. Kwenye injini za kabla ya modeli ya 1971 kipoza oili kimesimama ndani ya kasha la feni juu yake, na kinaizuia hewa. Valvu ya ekzosi ya silinda hiyo huungua, au kichwa chake hukatika na kutoboa pistoni. Baadaye Volkswagen ilihamishia kipoza nje ya njia hiyo, na injini za aina hiyo ndizo za kutafuta.

Kosa tunaloona mara nyingi ni fundi kutupa mabati na mipira inayoziba pembeni mwa injini kwa kuona havina kazi. Vina kazi. Vinatenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Bila hivyo feni inavuta joto lile lile la ekzosi na kulirudisha kwenye silinda. Injini inayochemka bila sababu, anza kukagua hapo kabla hujagusa kabureta.

Taa nyekundu ya chaji imewaka nikiwa njiani. Naweza kufika nyumbani?

Simama mara moja. Mkanda unaozungusha dinamo ndio unaozungusha feni, ukikatika injini itaungua ndani ya dakika chache. Beba mkanda wa akiba, spana namba 21 na bisibisi nene.

Zuia puli ya dinamo kwa kuingiza bisibisi kwenye mkato wa nusu ya ndani na kuiegemeza kwenye bolti ya juu ya dinamo. Fungua nati. Toa nusu ya nje ya puli. Katikati utakuta washa nyembamba. Washa zikipungua katikati, mkanda unakaza, zikiongezeka, unalegea. Zilizobaki zirudishe nje, chini ya nati, zisipotee. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba ushuke milimita 15 hivi. Ukikaza zaidi unaua bearingi za dinamo.

Tapeti zinasetiwaje?

Injini iwe baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Kwa injini za 1300, 1500 na 1600 nafasi ni milimita 0.15 kwa valvu zote. Injini za 1200 za zamani zina vipimo vyake, fuata kibandiko kilichopo kwenye kasha la feni.

1. Fungua kifuniko cha distributa. Zungusha puli ya chini hadi rota ielekee alama iliyo kwenye ukingo wa distributa. Hapo silinda namba 1, ya mbele kulia, iko juu.
2. Seti valvu zake mbili: legeza nati, zungusha skrubu hadi geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kaza nati, pima tena, kwa sababu kukaza husogeza skrubu.
3. Rudisha puli nusu mzunguko kinyume cha saa, seti namba 2 ya nyuma kulia. Nusu nyingine, namba 3. Nusu nyingine, namba 4.
4. Weka gasketi mpya za vifuniko.

Tapeti inayopiga kelele inaudhi, lakini haiui. Inayoua ni iliyobana, kwa sababu valvu haifungi, haipati pa kupozea joto lake, inaungua. Ukikuta nafasi ya valvu moja inapungua kila unapopima, valvu hiyo inarefuka na kichwa cha silinda kinahitaji kufunguliwa.

Kwa nini Beetle na Kombi hushika moto?

Kwa sababu mbili zinazozuilika. Ya kwanza ni mipira ya petroli ndani ya chumba cha injini, ambayo hupasuka kwa joto, pamoja na kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta, ambacho hulegea na kuchomoka. Petroli inamwagika juu ya distributa. Badilisha mipira yote kila baada ya miaka michache na ifunge kwa klipu, hata kama inaonekana mizima. Ya pili ni betri ya Beetle iliyo chini ya kiti cha nyuma. Abiria mzito akikaa, springi za kiti hugusa vichwa vya betri na kuwasha nyasi za mto. Kifuniko cha betri kisikosekane.

Nanunua Beetle ya zamani. Nianzie wapi?

Chini. Injini hutolewa kwa bolti na nati nne na mtu mwenye jeki nzuri, lakini bodi iliyooza inakula fedha bila kikomo. Gonga mabomba ya vizingiti vya milango, yanayopitisha hewa moto, maana ndiyo yanayobeba nguvu ya bodi. Inua kiti cha nyuma uone sakafu chini ya betri. Angalia sehemu ya mbele ambako ekseli inashikana na chesi. Kwenye injini, shika puli ya chini uivute na kuisukuma. Mchezo wa krankishafti unapaswa kuwa milimita 0.07 hadi 0.13. Ukisikia inagonga kwa mkono, kasha limeliwa.

Upepo wa matairi nao una kanuni yake: mbele psi 16 hadi 18, nyuma psi 24 hadi 27. Anayejaza sawa pande zote anaifanya ekseli ya nyuma ya zamani iteleze konani, na ekseli hiyo ina tabia ya kukunja gurudumu ndani ukikanyaga breki katikati ya kona.

Kwa nini waliiacha, kama ilikuwa nzuri hivyo?

Iling'ang'aniwa mno. Mwisho wa miaka ya 1960 washindani walikuwa na magari yenye nafasi, joto la kutosha wakati wa baridi na matumizi madogo ya mafuta, na Volkswagen ilikuwa bado inaishi kwa gari la 1938. Iliokolewa na ujuzi wa Audi, kampuni iliyoinunua kwa Daimler-Benz katikati ya miaka hiyo. Passat ikatoka mwaka 1973, Golf iliyochorwa na Giorgetto Giugiaro mwaka 1974, Polo mwaka 1975, zote na injini ya maji inayovuta magurudumu ya mbele.

Kashfa ya dizeli ilikuwa nini hasa?

Tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba programu ndani ya kompyuta ya magari ya dizeli ya Volkswagen ilitambua gari linapopimwa, kwa kuangalia usukani, mwendo na muda, kisha ikawasha usafishaji wote wa moshi. Barabarani ilipunguza usafishaji, na oksidi za nitrojeni zikafika hadi mara 40 ya kiwango halali. Waliofungua mlango ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga vipimo kwenye magari na kuyaendesha barabarani. Injini iliyohusika zaidi ni EA189, katika magari yapatayo milioni 11 duniani. Mkuu wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu tarehe 23 Septemba. Mwaka 2017 kampuni ilikiri makosa ya jinai Marekani na kukubali faini za dola bilioni 4.3, mbali na fedha za kuyanunua magari upya.

Wengine hulipuuza jambo hili kwa kuwa gari lilikuwa likitembea vizuri. Sisi hatukubali. Oksidi hizo huumiza mapafu ya watu wasio na gari hata moja, na matangazo yaliwauzia wateja dizeli safi.

Golf, Polo au Tiguan iliyotumika kutoka Japani: ni ya kuaminika?

Uliza injini gani na giaboksi gani. Nembo haikwambii lolote.

Giaboksi ya DSG, yaani otomatiki yenye klachi mbili, ya gia saba na klachi kavu, DQ200, ndiyo yenye matatizo. Mwaka 2013 Volkswagen iliita magari milioni 1.6 kubadilisha oili yake ya sanisi kwa ya madini, baada ya hitilafu za umeme kutokea kwenye nchi zenye joto na unyevu. Mombasa na Dar es Salaam ni hali ya hewa hiyo hiyo. Dalili: gari hutetemeka likianza kwa gia ya kwanza, gia za shufwa au witiri hupotea, alama ya spana humulika. Foleni inaiua haraka, kwa kuwa dereva anayetambaa anaikalisha klachi nusu. Acha nafasi, kisha sogea kwa mkupuo. DSG ya gia sita, DQ250, ina klachi ndani ya oili, ni imara zaidi, ila oili na filta vibadilishwe kila kilomita 60,000.

Injini ya 1.4 TSI (petroli yenye turbo) ya familia ya EA111 inatumia cheni inayorefuka. Iwashe ikiwa baridi kabisa: mlio wa mnyororo kwa sekunde chache maana yake cheni na kikazio chake vimekwisha, na ikiruka jino valvu zinagonga pistoni. Muuzaji aliyeipasha injini moto kabla hujafika anaficha sauti hiyo. Usiliegeshe gari hilo mlimani kwa kutegemea gia peke yake, kwani injini ikisukumwa kinyume kikazio hulegea. Kuanzia Golf ya saba, 1.4 hiyo ilipewa mkanda, familia EA211, na ni bora mno. Injini za 1.8 na 2.0 TSI za kizazi cha pili hunywa oili kwa sababu ya ringi nyembamba za pistoni. Pima kijiti kila wiki.

Volkswagen zinaunganishwa Afrika Mashariki?

Kenya iliwahi kuziunganisha hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha Polo Vivo ikaanza Thika Desemba 2016. Rwanda ilianza Kigali mwaka 2018, na gari la kwanza lilikuwa Polo. Kiwanda kikubwa cha Afrika kiko Kariega, zamani Uitenhage, Afrika Kusini, kilichotoa Beetle ya kwanza mwaka 1951. Vipuri vingi vya Polo Vivo hutoka huko.

Nitumie oili gani kwenye Volkswagen ya kisasa?

Usiangalie 5W-30 peke yake. Nyuma ya galoni tafuta namba ya idhini ya Volkswagen: 502 00 kwa petroli inayobadilishwa oili kila baada ya kipindi kifupi, 507 00 kwa dizeli yenye chujio la masizi. Oili isiyo na 507 00 huziba chujio hilo kwa majivu yasiyoungua. Katika joto na vumbi letu, kilomita 7,500 zinatosha, hata deshibodi ikisema bado.